Maradufu ya ngapi?

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linaloniuma: habari za afya zinazotangaza kwamba hatari "imeongezeka maradufu" bila kutuambia ilianzia wapi.

Mwaka 1995, nchini Uingereza, wanawake walionywa kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Wengi waliviacha kwa hofu, na mwaka uliofuata idadi ya mimba zilizotolewa ikapanda. Hesabu yenyewe? Kutoka mwanamke 1 kati ya 7,000 waliotumia vidonge vya zamani hadi 2 kati ya 7,000 waliotumia vipya. Na ujauzito wenyewe huleta hatari ya kuganda damu kubwa kuliko vidonge hivyo!

Nilipomsimulia binti yangu, alifungua daftari lake la hesabu. Kila ukurasa una vyumba kama 1,000. Akahesabu kurasa saba, kisha akatia wino kwenye vyumba viwili tu. Nilizipekua mara mbili kabla sijaviona.

Waandishi wenu watupe namba zote mbili, ya kabla na ya baada, na watuambie ni kati ya watu wangapi. Kulinganisha tutalinganisha wenyewe.

Msomaji wenu