Mametu

Salvador, Bahia

Shoga yangu,

Salamu kwako, kwa Bibi na wote hapo Tanga. Mimi mzima, ila vilima vya mji huu vitanimaliza magoti.

Jumamosi nilialikwa kwenye nyumba ya kandomble, dini ya Brazili yenye asili ya Afrika. Si ile maarufu ya Bate Folha iliyoanzishwa 1916. Hii ni ndogo, ya kichochoroni. Nilitegemea mambo ya Kiyoruba matupu, maana habari za Brazili ni za miungu Yemanjá na Xangô tu. Kumbe kandomble ina mataifa yake. Ketu ndio Wayoruba, Jeje asili yao Dahomey (Benin ya leo), na wenyeji wangu ni taifa la Angola, yaani Wabantu wenzetu. Uani wamesimamisha bendera nyeupe ya Tempo, mmoja wa miungu yao.

Mungu wanamwita Nzambi. Ngoma tatu zimepangwa ukutani, na jina lake ni ngoma, hivyo hivyo! Wanazipiga kwa viganja. Wenye kutumia fimbo ni wale wa Ketu. Mara akatoka kiongozi wao, mama mnene aliyevaa nyeupe, watu wakamwinamia: "Mametu!" Mwili ukanisisimka. Ni Kimbundu hicho, lakini nani angenitafsiria "mama yetu"? Akiwa mwanamume huitwa tateto. Huyo nilimfumbua mwenyewe.

Baadaye binti mmoja akapandwa. Wenzake wakamfunga kitambaa kifuani, taratibu, wakamwongoza kucheza, wala hakuna aliyeshtuka. Nikawaza, huyu kwetu tungesema ni kiti. Unakumbuka siku tuliyochungulia ngoma ya pepo? Hawa hapa Bahia walikuwa wakiomba kibali polisi kabla ya kupiga ngoma zao, hadi 1976. Sisi tulikuwa na mama yako na ufagio wake.

Njiani kurudi nikanunua akarajé. Shoga, ni bajia za kunde! Kunde zimemenywa, zimesagwa na vitunguu, zikakaangwa kwa mawese mpaka nje nyekundu. Wanasema ni chakula cha Iansã, mwenye upepo na radi. Nilikula tatu, ya nne nikaifunga kwenye karatasi.

Sasa nina kazi ya kukupa. Mkae na Bibi, mama yako akiwa sokoni, umuulize ile ngoma ya pepo ilipigwa kwa mkono au kwa fimbo, na mtu akishapandwa walimfunga nini kifuani. Niandikie alivyosema, kwa maneno yake.

Wako,
mla bajia