Vali ya tabo ikazwe kwa kipimo, si kwa mlio

Mhariri,

Siku hizi ni kawaida kusikia Subaru Forester au Impreza ikipita mjini na kutoa mlio mkali wa "pshhh" kila dereva anapobadilisha gia. Mlio huo unapendwa, nami siupingi. Ninachopinga ni vali za blo-ofu, zinazotoa mlio huo kwa kuachia hewa ya tabo, kuwekwa ovyo, mwenye gari asiambiwe zinavyofanya kazi wala zinavyotunzwa. Gari linaanza kula mafuta, linazimika kwenye raundabauti, na lawama inakwenda kwa plagi au pampu ya petroli.

Tabo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inapokuwa kazini na dereva akaachia mafuta ghafla, kipepeo cha throto (mlango wa hewa unaofuata pedali ya mafuta) hufunga njia. Hewa hiyo inakosa pa kwenda, inarudi nyuma na kugonga mabapa ya tabo yakiwa bado yanazunguka kwa kasi kubwa. Kazi ya vali ni kuifungulia njia ya pembeni. Inafunguliwa na vakyumu (mvuto wa hewa) ya manifodi, bomba la hewa lililo kati ya throto na injini; vakyumu hiyo inafika kwa mpira mwembamba uliounganishwa kichwani mwake. Throto ikiwa wazi, msukumo wa tabo unakuwa karibu sawa juu na chini ya pistoni ya vali, hivyo springi haihitaji nguvu nyingi kuifunga. Kwa hiyo anayekaza springi akitumaini kuongeza nguvu ya gari anajisumbua bure: msukumo wa tabo unaamuliwa na westigeti, vali nyingine inayopunguza moshi unaozungusha tabo. Vali ikivuja ukikanyaga mafuta, tafuta diaframu (utando wa mpira ndani ya vali) iliyopasuka, o-ringi (pete ya mpira) iliyolika au mpira wenye ufa kabla ya kuigusa springi.

Sasa hizo Subaru. Zina sensa ya MAF, inayopima hewa kabla haijaingia kwenye tabo. Vali ya kiwandani, iliyokaa juu ya intakula (kipoza hewa ya tabo), hurudisha hewa kwenye paipu iliyo kati ya sensa na tabo, ili hewa iliyokwisha kuhesabiwa isipotee. Ukiweka vali ya kupuliza hewa nje, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kwa ajili ya hewa ambayo imeshaishia barabarani. Matokeo ni moshi mweusi kati ya gia, milipuko kwenye ekzosi, plagi zenye masizi, na baada ya muda katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) kuharibika. Hakuna namna ya kukaza skrubu itakayoponya hilo. Toyota zenye injini ya 1JZ-GTE hupima msukumo ndani ya manifodi, na hizo huvumilia kupuliza nje. Kwa mwenye MAF ushauri wangu ni mmoja: nunua vali yenye mdomo wa kurudisha hewa na uiunganishe kwenye paipu ile ya kiwandani.

Kurekebisha kwenyewe si kugumu. Injini iwe imepata moto na AC imezimwa. Hakikisha mpira wa vakyumu unatoka kwenye manifodi, baada ya throto, una kipenyo cha ndani cha milimita 4 hadi 6, ni mfupi iwezekanavyo, umefungwa klipu pande zote mbili na haugawani na geji wala kitu kingine. Legeza nati ya kufungia, kisha fungua skrubu ya juu mpaka springi iwe laini kabisa. Kwa vali inayorudisha hewa, anzia hapo na ujaribu gari barabarani, kwani hata ikifunguka kidogo injini ikinguruma bila kukanyagwa, hewa yake imeshapimwa. Kwa vali ya kupuliza nje, sogeza kipande cha karatasi mdomoni mwake. Karatasi ikivutwa ndani, vali iko wazi na injini inanyonya hewa yenye vumbi ambayo sensa haikuiona. Ndiyo sababu mzunguko wa injini unapanda na kushuka wenyewe. Kaza nusu mzunguko kwa nusu mzunguko hadi karatasi iachiwe, ongeza robo, funga nati. Halafu endesha gia ya tatu, tabo isukume, achia mafuta. Ukisikia "stu-tu-tu", hewa inarudi kwenye tabo: legeza robo. Mlio huo ukitokea kwa msukumo mdogo sana usikutie hofu. Ukitokea baada ya msukumo mkubwa, springi ni ngumu mno au mpira wa vakyumu umeziba.

Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni mwinuko. Vakyumu hupungua kama inchi 1 ya zebaki (kipimo cha shinikizo la hewa) kwa kila mita 300 unazopanda. Injini inayoonyesha inchi 20 Mombasa itaonyesha takriban 14 hadi 15 Nairobi. Vali ya kupuliza nje iliyorekebishwa Nairobi ikawa imefunga sawasawa, inaweza kufunguka yenyewe gari likifika pwani, kwa sababu huko vakyumu inaivuta kwa nguvu zaidi. Rekebisha mahali gari linapoishi, na ukihamia mwinuko mwingine rudia jaribio la karatasi.

Kwa utunzaji, vali ya pistoni ifunguliwe kila kilomita 10,000, mapema zaidi kwa wanaopita barabara za vumbi. Toa o-ringi kwanza, ndipo upulize dawa ya kusafishia kabureta kwenye chuma pekee, kwani dawa hiyo huvimbisha mpira. Futa, paka utando mwembamba wa grisi ya silikoni. Grisi nyingi hukamata vumbi na pistoni hukwama. Vali ya diaframu haipakwi kitu: inyonye kwa mdomo kupitia mpira safi kisha uzibe kwa ulimi. Uvutaji usipokaa, diaframu imetoboka na vali ibadilishwe. Wakati wa kurudisha, weka gasketi mpya na kaza bolti mbili kwa zamu, taratibu, maana nyuzi za intakula ni za alumini na hung'oka upesi.

Wenye Volkswagen za TSI wasitafute skrubu. Vali yao inaendeshwa kwa umeme na dawa yake ni kubadilishwa. Nazo dizeli nyingi hazina throto inayofunga dereva akiachia mafuta, kwa hiyo vali hii haina kazi humo.

Ombi langu kwa wauza spea: kabla hamjapokea pesa ya mteja, muulizeni gari lake linapima hewa kwa sensa gani.

Fundi wa magari,
Nakuru