Sare ni ya kuficha mfuko wa mzazi: barua ya wazi kwa walimu na bodi za shule za Tanga

Kwa wakuu wa shule, walimu wakuu, wajumbe wa bodi na kamati za shule, na ninyi walimu wa nidhamu na malezi, Tanga mjini na vitongoji vyake.

Assalaam alaykum. Na wale ambao salamu yenu ni nyingine, Bwana asifiwe. Mlionizidi umri, shikamooni. Ila kwa miaka niliyofika, wengi wenu ndio mtakaonipa mimi, basi marahaba, nimezipokea kabla hazijafika.

Nimefundisha sayansikimu katika shule za mkoa huu mpaka nikastaafu, na wamo kati yenu niliowashikisha sindano kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana sitazunguka. Msimu wa mahafali ukikaribia, simu yangu haitulii. Mzazi mmoja mwanawe karudishwa getini kwa sababu kaja na kanzu. Mwingine anadaiwa mchango wa kitenge na hana. Wa tatu, binti yake kakatwa shanga kwa mkasi mstarini, mbele ya shule nzima, zikamwagika na wenzake wakaziokota wakicheka. Mengine ningeyanyamazia. La mkasi limenishinda.

Msidhani bibi huyu kaja kuvunja sare. Mimi ni mtu wa sare. Darasa lisilo na sare mnalijua: bila kuuliza jina, unaweza kuwapanga watoto kwa uwezo wa baba zao, huyu wa karani wa bandari, huyu wa mkata mkonge, huyu wa mwenye duka. Sketi ya bluu na shati jeupe vikishavaliwa, mpangilio huo hauonekani tena kwa urahisi. Kazi ya sare ni hiyo, kuficha mfuko wa mzazi. Haikuletwa ili kuficha mtoto katoka kwa nani. Kabla hamjaipigia muhuri kanuni yoyote ya mavazi, iulizeni swali hilo moja: hii inaficha mfuko, au inaficha asili?

Nyingi mlizonazo zitafeli. Ada ya sekondari iliondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Sare ikabaki kwa mzazi. Kwa hiyo kila kipande cha nguo mnachokiongeza kwenye fomu ya kujiunga kina mtu anayekwenda kukikopea dukani. Na ninyi mnaongeza. Sweta la rangi fulani, Tanga hii ya joto! Fulana ya Jumamosi yenye nembo. Halafu inakuja siku ya utamaduni, na hapo ndipo nastaajabu zaidi, kwa sababu siku iliyokusudiwa mtoto aje na cha kwao imekuwa siku ya kununua kipya. Mnachagua kitenge kimoja, mnapanga mchango, fundi anashona usiku kucha, nguo inavaliwa asubuhi moja, picha zinapigwa, basi. Mahali fulani nilipoalikwa, kijana wa wafugaji kutoka upande wa Kilindi alikuja na lubega lake, safi, limefuliwa. Akaambiwa akae nyuma, kwa kuwa hakulipia kitenge. Yaani katika siku ya utamaduni, aliyekuja na vazi la kwao ndiye aliyefichwa asionekane na mgeni rasmi.

Jambo hili lina historia, na baadhi yetu tulikuwepo. Mwalimu Nyerere, mwaka 1962, alipounda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana, wengi walifurahi kwamba sasa chetu kitaheshimiwa. Miaka haikupita mingi. Kuanzia mwaka 1967 serikali iliwaandama Wamasai waache lubega na ngozi, waache kujipaka udongo mwekundu, wavae suruali kama watu walioendelea. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua marufuku. Hata kabla ya tarehe hiyo, pale Kariakoo, Dar es Salaam, makundi ya vijana yalikuwa yakisimamisha mabasi na kuwashambulia wanawake kwa nguo walizovaa. Nilikuwa msichana wakati huo, na mama zetu walitupima urefu wa sketi kabla hatujatoka nje.

Angalieni mambo hayo mawili yalivyopishana. Sketi fupi ilikatazwa kwa kuwa si utamaduni wetu. Lubega likakatazwa ingawa ni utamaduni wetu. Sababu zilikuwa mbili zinazogombana, fimbo ikawa moja. Mwalimu anayeshika mkasi mstarini leo hajui kwamba ameirithi fimbo ile, na ukimuuliza sababu atakwambia nidhamu. Nidhamu ipi? Shanga hazikumzuia binti kusoma hesabu.

Na tusidanganyane kuhusu hiki tunachokiita vazi la asili. Bibi zetu walijifunga merikani, nguo iliyovuka bahari kutoka viwanda vya Massachusetts, na kaniki yenye rangi ya nili iliyotoka India. Kanga yenyewe ilizaliwa huku Mwambao mwishoni mwa karne ya 19, kwa mikono ya wafanyabiashara na ubunifu wa wanawake walioanza kushona leso pamoja. Ni yetu kwa sababu tumeolewa nayo, tumebebea watoto, na ndiyo tutakayofunikwa. Lakini Tanga si ya kanga peke yake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge, miche 62 tu ilifika hai, na miche hiyo ikaja kuwavuta manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mkonge, kutoka Songea, Kigoma, Iringa, Msumbiji na Burundi. Wajukuu wao wamekaa kwenye madawati yenu pamoja na Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua, Wasegeju, Wapare, Wahindi na watoto wa Kiarabu. Mkiandika kwenye kanuni "vazi la utamaduni ni kanga kwa wasichana na kanzu kwa wavulana", mmeshaamua nusu ya darasa haina kwao.

Kuna kesi moja ya Afrika Kusini ambayo ningetamani kila mjumbe wa bodi aifahamu. Binti wa familia ya Kitamil, shule ya wasichana mjini Durban, alitobolewa pua akawekwa kipini, kama bibi zetu hapa Mwambao walivyovaa kipini na kishaufu bila mtu kushtuka. Shule ikasema kinakwenda kinyume na kanuni. Familia ikasema ni mila yao kwa binti anapofikia utu uzima. Ikapanda mahakama kwa mahakama, mpaka Oktoba 2007 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba shule ilipaswa kumruhusu. Majaji hawakuiondoa sare. Walichoagiza ni kwamba shule irekebishe kanuni zake, iweke kifungu cha kuomba ruhusa kwa sababu za dini au utamaduni, na utaratibu wa ombi hilo kusikilizwa. Wakati uamuzi unatoka, binti alikuwa ameshamaliza shule. Kwa jirani zetu Kenya, Mahakama ya Rufani iliruhusu hijabu mwaka 2016 katika kesi ya shule moja ya Isiolo, Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Miaka yote hiyo watu wazima wanapeana hati na watoto wanakua. Kifungu kimoja cha mistari mitatu, kikiandikwa mapema, kingewapunguzia safari ya mahakamani.

Basi kiandikeni. Mzazi anayetaka mwanawe avae kitu cha dini au mila yao na sare (ushungi, kofia, shanga za mkononi, kipini, uzi wa mkononi, chochote) aje aombe, asikilizwe na watu wasiopungua watatu, ajibiwe kwa maandishi ndani ya wiki mbili. Wakikataa, waandike kitu hicho kinamdhuru nani. "Haipendezi" si jibu. "Wengine nao wataomba" si jibu pia. Waje waombe, ndiyo kazi yenu.

Sababu za kweli za kukataa zipo na mimi nitazitetea. Maabarani sitaki kuona mtandio unaning'inia karibu na moto, na hapa sayansikimu inanirudia: kanga nyingi za siku hizi si pamba, ni poliesta, na poliesta haiungui ikaisha, inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Ushungi wa maabarani uwe wa pamba, ncha zimechomekwa ndani. Kwenye karakana, kanzu na mikono mipana havikai karibu na mashine inayozunguka. Uwanjani, shanga za shingoni zivuliwe, mwenyewe azivue kwa mikono yake, zitunzwe na arudishiwe. Hayo ni makatazo yanayoeleweka hata na mtoto wa darasa la tatu.

Siku ya utamaduni, fanyeni hivi: futeni mchango. Kila mtoto aje na kilichopo nyumbani, na asiye na kitu aazime kwa shangazi au aje na sare yake bila kuulizwa. Kaniki iliyochuja ya bibi ina mengi ya kueleza kuliko kitenge kipya. Mpeni mtoto dakika mbili aeleze alichovaa: nani huvaa, lini, hufungwa vipi. Kisutu kwa mfano, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, haivaliwi ovyo, ni ya bibi harusi. Nimewahi kuona msichana wa kidato cha pili kajifunga kisutu jukwaani kwa sababu tu rangi zake zinafanana na za bendera ya timu ya shule, na mabibi waliokaa mbele wakaanza kuulizana mahari imelipwa lini.

Na someni jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla haijapanda jukwaani, nawasihi. "Wema hauozi" haina tatizo. "Japo sipati tamaa sikati" inafaa hata kwa mtihani. Lakini mtoto akitwaa doti ya kwanza aliyoikuta kabatini kwa mama yake, anaweza kusimama mbele ya mgeni rasmi akiwa na ujumbe uliokusudiwa mke mwenza wa mtaa wa pili. Hapo kosa si la mtoto. Mwalimu wa zamu atafute sindano akunje pindo, maisha yaendelee.

Neno kwa walimu wa nidhamu peke yenu. Chukueni daftari lenu la makosa ya mavazi mhesabu: wangapi wasichana, wangapi wavulana. Mimi nilikuwa na daftari kama hilo na najua mtakachokuta. Mvulana akija na kanzu Ijumaa anasifiwa kwamba kalelewa, dada yake aliyejitanda kanga juu ya sare kwa sababu ya mvua anaambiwa anajiremba. Binti anafika kidato cha nne akiamini mwili wake ndio kosa linaloandikwa daftarini. Sare ikiwa fupi kwa sababu msichana amekua, hilo ni suala la fedha ya kitambaa, na lizungumzwe ofisini na mzazi, si mstarini. Mkasi urudi darasa la ushonaji.

Na ninyi wazazi mtakaoisoma hii pembeni ingawa haikuandikiwa kwenu: kikao kikiitwa, nendeni. Kanuni nyingi zinazowakera zilipitishwa siku ambayo viti vilikuwa vitupu.

Kwa mahafali ya mwaka huu, shule itakayofuta mchango wa kitenge na ikawa na watoto wasio na cha kuvaa, mwalimu mmoja aje kwangu Ngamiani na orodha ya majina. Kabati langu lina kanga, misuli, na kofia za viua za marehemu mume wangu ambazo hazijapata kichwa. Nitaazima. Zirudi zimefuliwa, na zisipigwe pasi ya moto mkali, nyingine ni poliesta.

Wenu,
Bibi, mwalimu mstaafu wa sayansikimu
Ngamiani, Tanga