Mvua tunailaumu bure, paa linatobolewa na jua la kaskazi

Kwa mhariri,

Salaam. Mimi ni mama mkazi wa Maweni hapa Malindi na naandika juu ya mapaa yetu, manake kila masika ikianza nawaskia majirani wanalia na mvua, mvua imeniharibia nyumba, mvua imenitobolea bati, na mimi mwenyewe nimesema ivo ivo miaka mingi mpaka nilipopanda juu nikajionea. Mvua inapita tu palipokwisha kutobolewa na jua.

Masika moja maji yaliingia usiku wa manane moja kwa moja kwenye kitanda cha watoto, begi la shule lilikuwa limening'inia ukutani likarowa na madaftari yote ndani yakashikana kama chapati mbichi. Nikaita fundi. Akaniambia mama hii kazi ndogo, akapaka lami juu ya kila msumari, nikamlipa, na kweli mwaka ule tulilala. Alafu kaskazi ikaingia, Disemba, Januari, Februari, Machi, lami yote ikapasukapasuka kama tope la dimbwi lililokauka, na masika iliyofuata tukarudi kwenye mabeseni.

Ndio nikamwambia mpwa wangu tuweke ngazi alfajiri kabla bati halijashika moto tuangalie kuna nini. Msumari wa kwanza nilioushika ulikuwa unacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Ile raba ya chini ya kichwa chake ilikuwa ngumu kama ukoko wa wali, nikaifinya kwa vidole viwili ikavunjika vipande vipande. Na tundu la msumari, ambalo lilitobolewa duara, limekuwa refu kama punje ya mchele. Tulihesabu misumari ya upande ule mmoja tukaacha, karibu yote ilikuwa hali moja.

Nimeuliza mafundi wazee nikaelewa. Bati tupu saa nane mchana wakati wa kaskazi linaweza kupita digrii 60 wakati hewa yenyewe iko 32 hivi, usiku linapoa linarudi chini ya 30. Chuma kikipata moto kinatanuka kikipoa kinanywea. Bati la mita 3 likipata joto la digrii 40 zaidi linaongezeka kama milimita moja na nusu, utaona ni kidogo, lakini linaenda na kurudi kila siku ya Mungu na msumari umesimama palepale kwenye mbao, kwa hivyo bati linajikwaruza pale kwenye msumari na tundu linapanuka. Ile ta! ta! ta! unayoskia juu jua likizama, watoto wanadhani ni paka anatembea, ni bati linanywea. Raba nayo inakaushwa na jua mpaka inapoteza ulaini, na raba isiyokuwa laini haizibi kitu.

Na huku kwetu jua halina upande. Malindi tuko digrii 3 na kidogo kusini mwa ikweta, katikati ya Machi jua la adhuhuri liko utosini kabisa, na hapo ndio mwisho wa kiangazi, paa limeshachoka miezi mitatu minne, kisha Aprili masika inaliangukia.

Kuna na chumvi. Upepo wa bahari unaileta, usiku umande unairowesha, asubuhi jua linakausha maji chumvi inabaki juu ya bati, kesho inaongezeka nyengine. Msimu wa mvua angalau inaoshwa, kaskazi hakuna wa kuiosha, na inakaa zaidi pale bati linapolaliana na kwenye ncha za chini, ndio maana kutu inaanzia pale. Maji ya mfereji yetu ni ya shida najua, lakini hata fagio kavu lenye nywele laini mara moja kwa mwezi linasaidia.

Jambo linaloniuma zaidi ni geji, ile namba ya unene wa bati. Bati namba ikipanda linakuwa jembamba, 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28, na sisi tunaojenga kwa vikoba na chama tunauziwa lile jembamba kabisa bila kuambiwa. Mimi niliuziwa dukani kwa jina la 30, fundi aliponibadilishia mawili akayaweka karibu na yale ya zamani tukaona kwa macho tofauti yake. Bati jembamba linapinda mtu akikanyaga, zinki yake ni kidogo, na jua la pwani haliliachi. Muuzaji akuandikie geji kwenye risiti, ni haki yako, na asiyetaka kuandika ondoka ukaulize duka jengine.

Rangi nayo. Watu wanapenda nyekundu iliyoiva na kijani kibichi, nzuri kweli, lakini rangi nzito inameza jua. Nyeupe au ya maziwa inalirudisha, bati halipati moto vile na ndani mnapumua. Ukipitisha kidole kwenye rangi ya zamani kikatoka na unga kama chaki ujue jua limeshaila, paka tena kabla kutu haijatokea.

Wazee wetu walilijua hili jua. Nenda Lamu mji wa kale, ule uliowekwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, uone paa za sakafu zile, boriti za mikoko, mawe ya matumbawe na chokaa juu yake, nene, ndani baridi hata adhuhuri. Lakini na zile zinataka kuangaliwa, chokaa ikipasuka kwa jua maji yanafikia boriti yanaziozesha polepole bila mwenye nyumba kujua. Makuti pia, ni baridi hakuna mfano, ila jua linayakausha mpaka yanakatika yakishikwa, baada ya miaka michache lazima kuezeka upya, na yakikauka namna ile cheche moja ya jiko inatosha kumaliza mtaa. Kila jirani wa nyumba ya makuti analijua hilo.

Mimi mwisho niling'oa misumari yote upande ule, tukaweka skrubu zenye raba mpya, pembeni kidogo ya matundu ya zamani, na yale ya zamani tukayaziba vizuri. Ilinigharimu zaidi ya lami, nilikopa chamani. Masika iliyopita hatukutoa beseni hata moja.

Ombi langu kwako mhariri, mnapotangaza kila mwaka kwamba masika inakaribia, tangazeni mwezi wa pili, si wa nne, na muwaambie watu wapandishe ngazi alfajiri washike misumari yao kwa mkono. Mwezi wa nne fundi hapatikani na bei imepanda.

Mama wa Maweni,
Malindi