Njegere zimelala chini? Usilaumu mbegu kwanza

Kila msimu wa masika wapo wateja wa hapa Lushoto wanaorudi dukani na lalamiko moja: njegere zimeota vizuri, zimefika magotini, kisha zimelala. Tukiuliza zimesimikiwa nini, tunaambiwa fito za mkaratusi, zile zile za maharage.

Tatizo liko hapo. Maharage ya kutambaa hupanda kwa shina lenyewe kujizungusha, kwa hiyo fito nene kama kifundo cha mkono hailisumbui. Njegere haijizungushi. Hushika kwa vikono vilivyo kwenye ncha za majani, na kikono hicho hakiwezi kitu kinachozidi sana unene wa penseli. Ipe kamba, wavu au vitawi vikavu, itapanda yenyewe.

Kwa njegere basi, simika nguzo imara kila mwisho wa mstari na nyingine kila baada ya mita 2 au 3. Vuta kamba pande zote mbili za mstari, ya kwanza sentimita 15 kutoka ardhini, zinazofuata kwa nafasi hiyo hiyo kwenda juu, mimea ibaki katikati. Sisi tunapendekeza katani, na si kwa sababu tu inatoka mkoani kwetu. Ukimaliza kuvuna unaikata pamoja na mabua na kuitupa kwenye mboji. Nailoni utakutana nayo tena kwenye jembe mwakani.

Maharage yanataka fito ya mita 2 hadi 2.5, ichimbiwe sentimita 40 hivi. Simika mapema, mche ukiwa bado mfupi; ukichelewa utakata mizizi, na mimea itakuwa imeshafungamana. Kwenye upepo, fito nne zilizofungwa pamoja juu husimama kuliko moja moja. Mche ukipotea njia, uelekeze taratibu, ila ujue ukiutazama kutoka juu huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Ukiulazimisha upande wa pili, utajifungua.

Mchwa ndio mgeni wa kila fito. Toa gome, kausha, kisha choma ncha ya chini mpaka iwe nyeusi. Wapo wanaopaka oili chafu ya gari. Sisi hatuishauri karibu na chakula. Mabua ya mabingobingo yanafaa kwa msimu mmoja, lakini yakauke kabisa kwanza, la sivyo yataota na utajikuta unalima majani ya ng'ombe.

Kamba tunakata kwa mita. Njoo na urefu wa mstari na idadi ya mistari, tutakupigia hesabu hapo hapo kaunta. Fito hatuuzi, ulizia kwa jirani anayepogoa migrivea yake.