Barua kwa Mama Eliya: mistari ya madeni

Kikuyu, Dodoma

Mpendwa Mama Eliya,

Mbukwa! Bwana Yesu asifiwe. Huku tu wazima, Baba Tumaini anakusalimu. Mvua zilikatika mapema, mahindi yamekauka, ila uwele wa mama umejikaza na tutavuna kidogo.

Habari ya cherehani yako kuchukuliwa kwa deni imeniuma sana. Umeniomba nikutafutie mistari ya Biblia juu ya madeni, uisome asubuhi kabla watoto hawajaamka. Ningeweza kukutumia orodha kwenye simu, tena upesi. Sikutaka, kwa sababu orodha ya namna hiyo ingekuacha ukijiona mkosaji tu, na Neno halisemi hivyo.

Ukiandika "deni" kwenye Biblia ya simu, utaletewa palipoandikwa "deni" basi. Utaipata Sala ya Bwana kwa Mathayo, "utusamehe deni zetu", na mingine michache. Warumi 13:8 haitatokea, maana Biblia yetu ya Union ya 1952 inasema, "Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana." Kwenye Biblia ya Habari Njema mstari huohuo una neno deni, kwa hiyo ukiweza kuwa na zote mbili, tafuta kote. Hata yule mjane wa 2 Wafalme 4, ambaye wanawe walikuwa karibu kuchukuliwa watumwa, analalamika juu ya mtu "aliyemwia" mumewe, yaani aliyemdai. Basi tafuta pia "wia", "wiw", "rehani", "dhamana", "riba". Na kwenye kukopa andika "kop" tu, usimalizie, ili "akopaye", "hukopa" na "ukimkopesha" vije pamoja. Itifaki ya mchungaji wenu, kile kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yalipo, ukiiazima itakusaidia vivyo hivyo, ila nayo hufuata neno.

Sasa, hata ukiyakusanya hayo yote, jambo lako bado halijaguswa. Wewe hukukopa. Ulimdhamini mwenzako wa kikundi, akahama usiku, na wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, wakaingia nyumbani mwako wakabeba cherehani mbele ya watoto. Kwa hiyo niliacha kutafuta deni, nikatafuta lililokupata: Maandiko yanasemaje juu ya kumnyang'anya mtu chombo anachopatia ugali wake?

Fungua Kumbukumbu la Torati 24:6. Mungu anakataza mtu kutwaa rehani mawe ya kusagia, hata lile la juu peke yake, kwa sababu huko ni kutwaa uhai wa mtu. Mama Eliya, wewe na mimi tumelelewa na wanawake waliosaga uwele kwa mawe. Jiwe la juu likiondolewa, la chini halina kazi tena, na jioni hiyo hakuna cha kusonga. Cherehani yako ndiyo jiwe la juu. Mungu aliiona hali yako akaiandikia sheria, na sheria hiyo haikuwekwa juu yako, imewekwa juu ya anayedai.

Usiishie hapo. Namba za mistari hazikutoka kwa Musa wala kwa Paulo. Sura tunazotumia ziligawanywa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya tulizonazo ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Zinatusaidia kufika mahali, lakini hazituambii habari inaishia wapi. Shuka mpaka mstari wa 10 na 11: anayedai haruhusiwi kuingia nyumbani kwa mdaiwa kuchukua rehani, asimame nje, na mdaiwa mwenyewe amtolee. Kisha 12 na 13, vazi la maskini lirudishwe jua linapotua, apate kulilalia. Kisha 17, nguo ya mjane isitwaliwe rehani. Nilisoma nikiwaza mlango wako, nikalia.

Ndiyo maana nakusihi, kila mstari utakaoupata jiulize kwanza, hapa anaambiwa nani? Gawa ukurasa wa daftari pande mbili, anayedai na anayedaiwa, uandike kila mstari upande wake. Utashangaa jinsi torati inavyomshika mwenye fedha. Kutoka 22:25 ni yeye. Kumbukumbu 15, mwaka wa saba wa maachilio, yaani kuachilia madeni, ni yeye. Nehemia 5 nayo ni yeye, na hiyo uisome polepole, maana inafanana na huku kwetu: watu wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, wengine wamekopa ili kulipa kodi ya mfalme. Nilipoisoma nilikumbuka wazee wakisimulia Mtunya, ile njaa ya Ugogo ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Nehemia anakasirika waziwazi, anawakemea wakuu mbele ya mkutano mkubwa, wanarudisha mashamba.

Upande wa anayedaiwa nao una mistari, na lazima uiandike, hata inayochoma. Zaburi 37:21 inasema asiye haki hukopa wala halipi. Huo ni wa mwenzako aliyehama, na siku moja unaweza kuwa wangu. Mithali 22:7 huwa tunaisikia ikisomwa kuwatisha wakopaji. Mimi naona inaeleza tu jinsi dunia ilivyo, tajiri humtawala maskini, na haisemi kwamba Mungu ameipenda hali hiyo.

Wifi yangu, ambaye ni Mkatoliki, alinionyesha Yoshua bin Sira 29 katika Biblia yao. Sura nzuri sana kuhusu kukopesha na kudhamini. Kama jirani yako anayo, muazime.

Kuhusu dhamana yenyewe, Mithali 6:1-5 itakuuma, lakini ina la kufanya ndani yake: nenda mwenyewe, jinyenyekeze, msihi, usiyape macho yako usingizi. Kwa hiyo nenda, Mama Eliya, wala usiende peke yako. Mchukue mwenyekiti wa mtaa na mzee mmoja wa kanisa, uwaombe wale wakopeshaji cherehani irudi ili ushone na ulipe kidogokidogo. Uliza pia wasaidizi wa kisheria hapo Manyoni kama mkataba ule uliruhusu mtu kuingia ndani mwako.

Usikubali mtu akuite mjinga kwa kuwa ulimdhamini mwenzako. Soma Filemoni, ni ukurasa mmoja tu. Paulo yuko kifungoni, na anamwambia Filemoni kwamba kama Onesimo, mtumwa wake, anadaiwa kitu, kiandikwe juu ya Paulo mwenyewe, atalipa, na anaandika kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo ni dhamana. Mithali inaonya, Paulo anadhamini, na yote mawili ni Neno la Mungu. Sijui mistari miwili inayonifikirisha kuliko hiyo ikiwekwa pamoja, na ningependa kujua wewe unaisomaje.

Ukimaliza Nehemia 5 niandikie. Nakutumia kidogo kwa simu, ni ya unga, usiwape wale watu. Msalimie Eliya na wadogo zake.

Wako katika Kristo,
Mama Tumaini