Mwambie Junior asiache besiboli

Baba Junior kaka yangu,

Habari za Houston, shemeji na watoto hawajambo? Huku Anaheim sisi wazima, Mangi mkono umepona karudi kazini, ya Tegeta tutaongea kwa simu maana ni marefu.

Nimeandika kwa ajili ya ile voisi yako, eti Junior analia anataka kuacha kisa kocha kamtoa kwenye kuanza mechi kampeleka kwa wale pitcha (warusha mpira) wa kuingia baadaye. Nimekosa raha kabisa. Asiache, kaka.

Huku kuna jina ukilitaja watu wanachangamka mpaka leo, Francisco Rodríguez. Mtoto wa Caracas, Venezuela, kalelewa na babu na bibi yake. Timu za chini naye alikuwa anaanza mechi, 2002 ndo wakamhamisha awe wa kuingia baadaye, yaani Junior mtupu. Septemba hiyo hiyo Angels, timu ya hapa Anaheim, wakamuita timu kubwa, ana miaka 20, ligi inaisha, akacheza mechi 5 tu akatoa wapigaji 13 kwa straiki tatu, yaani nafasi zao za kupiga zikaisha. Kwa kanuni hakutakiwa hata kucheza mtoano maana alichelewa kuingia kikosini, wakapata mwanya kwa kuwa kuna pitcha mwingine alikuwa majeruhi. Dogo alikuwa hajawahi kuandikiwa ushindi hata mmoja wa ligi kuu (kila ushindi wa timu anaandikiwa pitcha mmoja), akaenda kuandikiwa 5 kwenye mtoano, mbili kati ya hizo dhidi ya Yankees!

Na sio bahati. Ining (raundi) ya 9, ile ya mwisho, ilikuwa ya pitcha wao Troy Percival, haiguswi, shida ilikuwa pale ya 7 na ya 8, pitcha wa mwanzo kachoka na wapigaji wameshamzoea, halafu anaingia huyu ambaye hawajamwona, mpira wa kasi, kisha ile slaida, mpira wa kupinda, inakuja kama imenyooka ukizungusha gongo haipo. Mechi ya pili ya World Series, yaani fainali, dhidi ya Giants alirusha ining 3 hakuna aliyefika hata besi ya kwanza, Angels wakashinda 11-10. Hapo ndo pa Junior, kaka, mkono wake ni wa kasi ila pumzi ya ining sita bado hana, nilimwona mwenyewe mlipokuja.

Halafu usimfiche na hili, mechi ya sita Barry Bonds wa Giants alimpiga home run, mpira ukavuka uzio, ikawa 4-0 na baadaye ikafika 5-0 kwa Giants. Angels wakarudi wakashinda 6-5, na kesho yake mechi ya saba kocha akampa ining ya 8 yule yule, hakumtupa. Wakachukua ubingwa wao wa kwanza tangu timu ianze 1961. Baadaye 2008 akafunga mechi 62 msimu mmoja, yaani kuingia mwishoni na kulinda uongozi wa timu, hakuna aliyewahi kufikisha hapo.

Sasa niambie, kocha alimweleza kwanini kamhamisha au alikuta tu jina halipo? Lile bega alilokuwa analalamika limepona au anavumilia kimya kimya? Slaida ameshaanza kufundishwa, maana kwa umri wake mimi naogopea kiwiko, mama yake anasemaje? Na Jumapili mkitoka kanisani naweza kuongea naye mwenyewe, bila wewe kusimama pembeni?